Jembe la Amri na Jembe la Hiari: Historia Fupi ya Maendeleo Ukambani, na Mafunzo Yake kwa Chama



Katika kila taarifa ya mwaka huandikwa hesabu ya fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Hesabu hiyo ni ya lazima, nayo ina mahali pake. Lakini iko hesabu nyingine isiyopimwa kwa shilingi na senti, nayo ni hii: katika kazi zote zilizofanywa mashambani na katika miji yetu midogo tangu enzi za babu zetu, ni zipi zilizodumu, ni zipi zilizokufa, na kwa sababu gani? Kila mwaka twaombwa michango ya shule, ya visima, ya zahanati na ya masoko. Mwenye kutoa bila kujua jibu la swali hilo ni kama mtu apandaye mbegu bila kuuliza mvua ya nchi ile hunyesha mwezi gani.

Nimechagua kueleza habari za Ukambani, hasa nchi ile iliyoitwa Wilaya ya Machakos, ambayo mpaka mwaka wa 1992 ilikuwa pamoja na Makueni. Sikuichagua kwa kuwa watu wake ni bora kuliko wengine, maana kila kabila la Kenya lina habari zake za kusifiwa. Nimeichagua kwa sababu huko kazi moja, yaani kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, ilifanywa mara mbili. Mara ya kwanza ilifanywa kwa amri. Mara ya pili kwa hiari. Jembe lilikuwa lile lile, na vilima vilikuwa vile vile. Yaliyotokea hayakufanana hata kidogo.

Mwethya wa Wazee

Kabla ya Serikali yoyote ya kigeni kufika, Wakamba walikuwa na desturi iitwayo mwethya. Mtu aliyekuwa na kazi kubwa kuliko nguvu za nyumba yake, kama kujenga nyumba au kufyeka shamba jipya, aliwaita majirani wa utui wake. Walikuja na majembe na mapanga yao, wakafanya kazi siku hiyo, naye akawalisha. Hakulipa mshahara. Lakini alijua kwamba siku jirani atakapoita, yeye naye atakwenda. Asipokwenda, siku yake ya shida angebaki peke yake. Iliyokuwa ndogo zaidi iliitwa mwilaso: watu wachache waliopeana zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mzunguko umekwisha.

Tuzingatie mambo matatu katika desturi hii, maana tutayahitaji mbele. Aliyeita kazi alikuwa mwenye shida, si mtu wa mbali. Walioitika walimfahamu, na walijua faida ya kazi ile. Tena kila mmoja aliona kwa macho yake kwamba zamu yake itafika. Hapakuwa na daftari, kwa maana kumbukumbu ya majirani ilitosha.

Nchi Inavyomomonyoka

Mji wa Machakos wapata jina lake kwa Masaku, mzee mashuhuri wa nchi ile. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo chake hapo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na kwa muda mji huo ulikuwa makao ya utawala. Lakini reli ilipita mbali, katika tambarare za Athi, na mwaka wa 1899 makao yakahamishiwa Nairobi. Hivyo Machakos ukabaki mji mdogo wa wilaya, wenye ofisi, maduka na soko, huku mji mpya ukikua karibu yake.

Wakati huo huo mipaka ilichorwa. Vilima vya Mua vilipewa walowezi wa Kizungu. Nchi ya Yatta, ambako ng'ombe walikuwa wakilishwa wakati wa kiangazi, ilihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali, na mwenyeji hakuruhusiwa kuitumia apendavyo. Watu na mifugo wakabanwa ndani ya eneo lao, na hawakuweza tena kuhama shamba lililochoka na kuliacha lipumzike. Nchi yenyewe ni ya vilima vikali na mvua chache, ambazo huja mara mbili kwa mwaka na pengine hukosa kabisa. Mvua hizo zikija, huja kwa nguvu. Zikikuta udongo mtupu usio na majani, huuchukua wote mpaka mtoni.

Kufika miaka ya 1930 wilaya nzima ilikuwa na watu wasiofika 250,000, lakini vilima vyake vilikuwa vimechanwa na makorongo. Mwaka wa 1937 Colin Maher, ofisa wa Serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika taarifa yenye kutisha juu ya nchi hiyo, akaona kwamba yaelekea kuwa mawe na mchanga mtupu. Hatari ilikuwa ya kweli. Wazee wenyewe waliiona kabla yake, maana ng'ombe wao ndio waliokonda. Kosa halikuwa katika kuuona ugonjwa. Kosa lilikuwa katika dawa na katika namna ya kuinywesha.

Mwaka wa 1938

Serikali iliamua kwamba ng'ombe wamezidi, na kwamba lazima wapunguzwe kwa nguvu. Ng'ombe walihesabiwa, wakatiwa alama, na waliozidi hesabu wakachukuliwa kuuzwa. Wakati huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama huko Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wa bei nafuu. Mkamba hakuhitaji kusoma magazeti ili aunganishe mambo hayo mawili. Tena kwake ng'ombe si nyama tu. Ni mahari ya kijana, ni akiba ya mwaka wa njaa, ni heshima ya mzee katika baraza.

Ndipo akatokea Muindi Mbingu, kiongozi wa Chama cha Wanachama wa Ukamba, akawakusanya watu. Katika mwezi wa Julai mwaka ule wanaume, wanawake na watoto waliondoka makwao wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, safari ya maili 40 kwa wengine na zaidi kwa wengine. Walikuwa maelfu. Wakapiga kambi mjini kwa majuma mengi wakisema kwamba hawataondoka mpaka wamwone Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Hawakuvunja duka wala hawakupiga mtu. Walikaa tu, wakangoja.

Mwaka huo huo Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, mbali na watu wake. Lakini kabla mwaka haujaisha Serikali iliacha mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Leo moja ya barabara za Nairobi ya kati yaitwa kwa jina lake, na wengi wetu hupita hapo kila siku tukienda kazini. Ni vema tukumbuke kwamba jina lile si pambo la ukutani. Ni jina la mtu aliyesema kwamba hata jambo lenye faida halifanywi juu ya watu kana kwamba wao ni mifugo.

Matuta ya Amri

Vita Kuu ya pili ilipokwisha mwaka wa 1945, Serikali ilirudi tena vilimani ikiwa na fedha na mpango mpya. Safari hii haikushika ng'ombe kwanza, ilishika udongo. Watu walitakiwa kutoka siku mbili kila juma kuchimba matuta chini ya uongozi wa machifu na wazee wa mitaa. Asiyetoka alitozwa faini. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kazini mijini au katika jeshi na polisi, waliochimba hasa walikuwa wanawake, wengine na watoto mgongoni.

Tuta lililoamriwa lilikuwa la aina nyepesi. Mfereji mwembamba ulichimbwa ukipita ubavuni mwa kilima, na udongo ukatupwa upande wa chini. Kazi hiyo huenda haraka, na ofisa aweza kuandika maili nyingi katika taarifa yake. Lakini mfereji huo hujaa upesi; mvua moja kubwa yatosha kuuziba, na usipozibuliwa kila msimu, maji huuruka na kuchimba korongo jipya. Nani ataizibua mifereji ambayo hakuitaka, katika shamba ambalo pengine si lake, kwa siku ambayo hakuichagua? Basi matuta mengi yalichimbwa, mengi yakaharibika.

Mambo hayo hayakuwa ya Ukambani peke yake. Huko Murang'a, mwaka wa 1947 na wa 1948, wanawake walikataa waziwazi kuendelea kuchimba matuta ya lazima, wakaenda kwa wingi mbele ya wakuu kusema hivyo. Wakuu walidhani kwamba watu hawa hawapendi maendeleo. Yaliyofuata Machakos yalionyesha kwamba fikira hiyo haikuwa kweli.

Matuta ya Hiari

Katika miaka ya 1950 mambo mawili yalibadilika. La kwanza, wakuu wa wilaya waliona kwamba amri imefika mwisho wake, wakaanza kuiachia kazi desturi ya mwethya. Vikundi vya majirani viliruhusiwa kuchagua viongozi wao wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake, na kupanga zamu ya mashamba. La pili, watu waliruhusiwa kuchagua aina ya tuta.

Nao walichagua nini? Hapa pana jambo la kushangaza, na naomba wazee walitazame vizuri. Hawakuchagua tuta jepesi. Walichagua lile zito, ambalo kila udongo wake hurushwa juu ya mlima, kinyume cha mteremko. Mchimbaji husimama mtaroni akautupa udongo juu ya kichwa cha mtaro, ukawa ukingo. Ukingo hupandwa majani, nayo majani hulisha ng'ombe. Mvua inyeshapo, udongo unaoteremka kutoka juu huzuiliwa na ukingo ule, hukaa. Mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe, mpaka ubavu wa kilima ukawa kama ngazi. Maji hayakimbii tena, bali huzama katika mizizi ya mahindi.

Tuta hilo likaitwa fanya juu, na lile la zamani fanya chini. Ni maneno ya Kiswahili chetu cha kila siku, lakini leo wataalamu wa udongo huyaandika hivyo hivyo katika vitabu vyao vya lugha za kigeni. Walioacha kazi nyepesi walipoamriwa ndio walioshika kazi nzito walipoachiwa wachague. Kwa nini? Kwa sababu tuta zito lilileta chakula na fedha katika nyumba ya mchimbaji. Wakati huo huo wakulima Waafrika walianza kuruhusiwa kupanda kahawa, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954, nayo kahawa ilitaka ardhi iliyotengenezwa ngazi. Aliyechimba aliona kikapu cha kahawa mbele yake. Hakuhitaji askari nyuma yake.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wengi waliliacha tuta kwa muda, kwa maana lilinuka ukoloni. Hofu ilikuwa kwamba kazi yote itapotea. Lakini picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha jambo jingine: mwaka wa 1978 matuta yalikuwa mengi kuliko mwaka wa 1961, ingawa kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyewashurutisha watu. Walijichimbia wenyewe, shamba kwa shamba. Kuanzia mwaka wa 1974 Serikali ya Kenya, ikisaidiwa na Uswidi, ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo nchini, na tangu mwaka wa 1978 mpango mwingine wa Machakos ulisaidiwa na nchi za Ulaya. Misaada hiyo iliwakuta watu wakiwa tayari kazini. Ilileta majembe, mafunzo na vifaa vya kupimia usawa wa kilima; vikundi vya wanawake vya mwethya vilileta mikono, nyimbo na mpango wa zamu.

Mwaka wa 1994 wataalamu watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu juu ya nchi hii. Walionyesha kwamba kufika mwaka wa 1989 watu wa wilaya walikuwa karibu 1,400,000, yaani zaidi ya mara tano ya wale wa mwanzo wa miaka ya 1930. Hata hivyo udongo uliokuwa ukipotea ulikuwa umepungua, na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka. Nchi iliyotabiriwa kuwa jangwa ililisha watu wengi zaidi ya wale waliosemekana kuwa wamezidi.

Kilima na Mji Mdogo

Yatupasa sasa tuone jinsi tuta la mlimani lilivyojenga mji wa chini. Mkulima aliyevuna zaidi ya chakula chake alihitaji mahali pa kuuzia. Kahawa ilihitaji kiwanda cha kuosha na chama cha ushirika cha kupima na kulipa. Fedha ya kahawa, hasa ilipopanda bei sana mwaka wa 1976 na wa 1977 baada ya baridi kali kuharibu mikahawa ya Brazil, ilitafuta duka la mabati, fundi seremala, cherehani, daktari na shule. Ndivyo masoko kama Tala, Kangundo na Masii yalivyozidi kupata uhai. Mji wa mashambani hauinuliwi na jengo moja kubwa lililofunguliwa kwa sherehe. Huinuliwa na kapu nyingi zinazoshuka kutoka vilimani siku ya soko.

Tusisahau pia kwamba fedha nyingi zilitoka mijini. Wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa walipeleka sehemu ya mishahara yao nyumbani. Ndiyo iliyonunua majembe, mbegu na ng'ombe wa kulima. Na hapo pana kivuli ambacho ni haki kukitaja. Wataalamu wengine waliofuata walionyesha kwamba waliofaidika zaidi ni wale wenye mtu wa mshahara. Nyumba isiyokuwa na mtoto mjini, hasa ya mjane mwenye shamba dogo, ilibaki nyuma, na pengine ilichimba matuta ya wengine kwa kibarua bila kupata nafasi ya kuchimba yake. Mwethya wa wazee ulikuwa na zamu kwa kila nyumba. Maendeleo yasiyo na zamu ya mjane yamepoteza nusu ya mwethya.

Harambee na Nyuso Zake Mbili

Tarehe 1 Juni mwaka wa 1963, siku ya Madaraka, Mzee Jomo Kenyatta aliwapa Wakenya neno Harambee. Desturi yenyewe haikuwa ngeni. Wakamba walikuwa na mwethya wao, na makabila mengine walikuwa na majina yao. Lakini sasa ilikuwa mwito wa taifa. Watu walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji, wakajenga. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari za Harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za Serikali. Watu wa mikoa wakataka hata vyuo. Huko Kakamega michango ya wananchi ilianzisha chuo cha WECO mwaka wa 1972, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Huko Nyeri, katika miaka hiyo hiyo, watu walianzisha Chuo cha Ufundi cha Kimathi, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Nani angedhani kwamba senti za mkulima wa kahawa zingezaa chuo kikuu?

Huo ndio uso wa kwanza. Uso wa pili wajulikana na kila mzee aliyemo katika chama hiki. Harambee ilipokua, ilianza kuitwa kutoka juu. Kuku wa maskini alishikwa kwa kuwa hakulipa mchango. Mtumishi alikatwa mshahara kwa ajili ya jengo asilolijua liko wapi. Mwanasiasa alikuja na mfuko wa fedha mbele ya umati, akatoa, akapigiwa makofi, akaondoka. Na hakuna aliyeuliza fedha ile ilitoka wapi wala ilikwenda wapi. Shule nyingine zilijengwa kuta nne, zikakosa mwalimu. Mambo yalifika mahali ambapo Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ilibidi iwawekee watumishi wa umma mipaka katika kuchangisha fedha.

Basi tazameni: neno lilikuwa moja, Harambee, na lilibeba kazi mbili zisizofanana. Pale watu walipoita wenyewe, ilikuwa mwethya. Pale walipoitwa kwa kutishwa, ilikuwa ile ile siku mbili za juma za baada ya vita, isipokuwa aliyeamuru sasa alikuwa mwenzetu. Uhuru ulibadili mkono ulioshika amri. Kubadili amri yenyewe kuwa hiari kulikuwa kazi iliyoachiwa sisi.

Maji Ndani ya Mchanga

Nitoe mfano mmoja wa siku za karibu zaidi. Mito mingi ya Ukambani hutiririka siku chache za mvua, kisha hukauka ikabaki mchanga. Wanawake walizoea kutembea saa nyingi kwenda kuchimba mchanga ule kutafuta maji. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, na kazi moja kubwa ya kikundi hicho ikawa kujenga mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukata mto mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, nao hujaa nyuma ya ukuta. Ndani ya mchanga huo maji hujificha, jua lisiyafikie. Sehemu ya maji katika mchanga wa namna hiyo yaweza kufika asilimia 25 mpaka 40. Hakuna mashine ya kuharibika wala mafuta ya kununuliwa. Kinachotakiwa ni watu wa kukusanya mawe, kuyabeba, na kuulinda ukuta. Wafadhili walileta saruji. Watu walileta mawe. Aliyebeba jiwe kichwani hakubali ukuta wake ubomoke.

Baada ya Katiba ya mwaka wa 2010, serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013. Makueni, iliyozaliwa katika vilima hivi hivi, ilipata sifa kwa jambo moja: wananchi walikaa vijijini wakachagua kazi wanazozitaka, kisha wakachagua kamati ya kusimamia kila kazi, na mjenzi alitakiwa kupata sahihi ya kamati kabla ya kulipwa. Wengine waliona ni mambo mapya. Mtu aliyejua habari za mwethya hakuona upya mwingi, ila kwamba sasa kumbukumbu ya majirani imeandikwa katika karatasi.

Yatupasayo Sisi

Wazee na wanachama, historia hii yatuhusu kwa sababu sisi nasi tuko mbali na kazi tunazozichangia. Aliye mbali mwenye fedha yuko katika hatari ile ile iliyompata ofisa wa zamani: kuona ugonjwa vizuri, na kuamuru dawa. Kwetu sisi fedha yaweza kuwa amri. Tukiwaambia watu wa soko fulani, "Jengeni zahanati, fedha hizi hapa," huku shida yao ni maji, wataijenga, kwa maana maskini hakatai kilicholetwa. Lakini haitakuwa yao, na siku bati litakapong'oka watatuandikia barua tuje tulipigilie.

Kwa hiyo naomba kwamba kila ombi linaloletwa mbele ya kamati liulizwe maswali manne. Kwanza, ni nani aliyeita kazi hii, mwenye shida au mtu wa mbali? Pili, watu wa mahali wenyewe wametoa nini kabla ya kutuomba sisi: mawe, ardhi, mikono, au siku za kazi? Tatu, ni nani atakayezibua mtaro baada ya sherehe kwisha, na daftari la hesabu laonyeshwa kwa nani? Nne, zamu ya mjane iko wapi? Ombi lenye majibu tulisaidie hata kama ni dogo. Lisilokuwa na majibu turudishe kwa adabu, likazungumzwe kwanza nyumbani, hata kama limeletwa na mtu mkubwa.

Sisemi kwamba Serikali iachiwe mzigo wala kwamba isaidiwe katika kila kitu. Barabara kubwa, mishahara ya walimu na dawa za hospitali ni wajibu wake, nasi hulipa kodi kwa ajili hiyo. Nasema tu kwamba hata Serikali njema na mfadhili mkarimu hawawezi kumpendea mtu shamba lake. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Lakini pia mikono mia iliyoshurutishwa haitunzi ng'ombe akaishi.

Vilima vya Mbooni, Iveti na Kangundo vingali vimekatwa ngazi mpaka leo, na anayesafiri kwa barabara huziona. Hakuna bango linaloeleza ni ofisa gani aliyeziamuru, maana zile zilizoamriwa nyingi zilikwenda na maji. Zilizobaki ni zile ambazo watu walizichagua na kuzirudia kila msimu kwa majembe yao. Naomba kamati ilitafakari hilo kabla ya kugawa michango ya mwaka ujao.